Kipokezi kinachoishika kolajeni, na namna saratani inavyokitumia

Mabondo ya sangara, yale yanayoanikwa hadi yakauke na kuuzwa kwa bei inayoiacha mbali bei ya minofu kabla ya kusafirishwa kwenda China, kwa sehemu kubwa ni kolajeni. Bondo ni mfuko wa hewa unaomwezesha samaki kuelea katika kina anachokitaka, na ili mfuko huo uhimili mgandamizo wa maji, ukuta wake umejengwa kwa nyuzi za protini hiyo. Aliyewahi kushika bondo bichi katika mwalo wa Kirumba, Mwanza, anaufahamu ukaidi wake: linavutika kidogo, kisha linagoma, na kulichana kwa mikono mitupu ni kazi. Protini ya jamii hiyohiyo ndiyo inayoshikilia ngozi, mifupa, kano na mishipa ya damu ya binadamu, na inakadiriwa kufikia karibu theluthi moja ya protini zote za mwili. Ndiyo pia inayofanya vivimbe vingi vya saratani ya matiti viwe vigumu chini ya kidole cha daktari.

Kwa miaka mingi ugumu huo ulichukuliwa kuwa dalili ya ugonjwa na si zaidi ya hapo. Siku hizi inajulikana kwamba seli za saratani huigusa kolajeni, huitambua, na hubadili mwenendo kulingana na kile zilichokigusa. Kazi hiyo hufanywa na protini zilizochomoza juu ya utando wa seli, ambazo huitwa vipokezi. Makala haya yanahusu kimoja kati yake, DDR1, ambacho kimekwisha kulengwa na dawa inayojaribiwa kwa binadamu. Jambo ninalotaka lieleweke ni kwamba kuuliza kama kipokezi hiki kizuiwe au kisizuiwe hakutoshi, kwa kuwa kina kazi zaidi ya moja, na dawa inayokomesha kazi moja inaweza kuiacha nyingine ikiendelea kama kawaida.

Tuanze na kolajeni yenyewe. Ni minyororo mitatu ya asidi amino iliyosokotana, na katika kila mnyororo asidi amino moja kati ya kila tatu ni glisini, ambayo ni ndogo kuliko zote na ndiyo pekee inayotosha kukaa katikati ya msokoto. Umbo hilo la nyuzi tatu lilipendekezwa mwaka 1954 na G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha, wakifanya kazi Madras nchini India. Mwili wa binadamu una aina 28 za kolajeni, lakini kwa habari hii zinatosha mbili: aina ya kwanza, ambayo hujipanga kuwa nyuzi ndefu na imara, na aina ya nne, ambayo hutandikwa kama utando mwembamba chini ya seli zinazofunika viungo na mirija. Saratani nyingi, zikiwemo za matiti, mapafu, utumbo na kongosho, huanzia katika seli za kufunika. Maadamu seli hizo bado zimekaa juu ya utando wa aina ya nne, ugonjwa haujavamia. Zikishautoboa, zinakutana uso kwa uso na kolajeni ya aina ya kwanza, na hapo ndipo vipokezi vinapoanza kuwa na maana kubwa. (Kwa kuwa swali huulizwa mara nyingi: supu ya makongoro na unga wa kolajeni unaouzwa madukani haviingii katika habari hii. Kolajeni inayoliwa humeng'enywa tumboni kama nyama nyingine yoyote, ikawa asidi amino na vipande vifupi, na kolajeni iliyouzunguka uvimbe imetengenezwa palepale na seli za mwili.)

Wakazi wa ukanda wa ziwa wanaijua kazi ya seli zinazotengeneza kolajeni kwa njia nyingine, ingawa wengi hawaiiti kwa jina hilo. Katika kichocho cha tumbo, kinacholetwa na minyoo ya Schistosoma mansoni na ambacho ni tatizo la siku nyingi katika visiwa na mialo ya Ziwa Victoria, mayai ya minyoo hukwama ndani ya ini. Mwili huyazungushia seli za kinga, kisha seli za kujenga kovu huja kuweka kolajeni pembeni yake, yai baada ya yai, mwaka baada ya mwaka, hadi kovu linafuata mishipa inayoleta damu kutoka utumbo na kuibana. Mgonjwa huishia kuwa na wengu lililovimba, na pengine kutapika damu. Kichocho cha mkojo, kinachopatikana zaidi mbali kidogo na ufuko, kwenye malambo na majaruba ya mpunga kuelekea Shinyanga, huacha makovu ya namna hiyo katika kibofu, na minyoo wake, Schistosoma haematobium, walitambuliwa mwaka 1994 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa chanzo cha saratani ya kibofu. Siyo kwamba kila kovu huzaa saratani. Hata hivyo, mwili unaojenga kovu na mwili uliobeba uvimbe wa saratani hutumia mafundi walewale, na ndiyo sababu mwaka 1986 Harold Dvorak, mtaalamu wa patholojia wa Boston, aliviita vivimbe vya saratani majeraha yasiyopona.

Seli hushika kolajeni kwa vipokezi vya jamii kadhaa. Wapo intigrini, ambao wanne kati yao huishika kolajeni moja kwa moja na kuiunganisha na mifupa ya ndani ya seli, hivyo seli hupata pa kukanyagia inapotembea. Yupo LAIR-1, aliye juu ya seli za kinga, ambaye akigusana na kolajeni huziamuru seli hizo zitulie. Uvimbe uliojaa kolajeni hufaidika na amri hiyo. Kipokezi hiki cha pili kina kisa cha hapa kwetu Afrika Mashariki ambacho siwezi kukipita: mwaka 2016 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya watu wa Kilifi, pwani ya Kenya, walikuwa na kingamwili dhidi ya malaria ambazo ndani yake kulikuwa kumechomekwa kipande cha LAIR-1, kikiwa kimebadilika kiasi cha kutoishika tena kolajeni na badala yake kuzinasa protini ambazo kimelea cha malaria huzipachika juu ya chembe nyekundu za damu. Mwili ulikuwa umeazima kifaa cha kazi moja ukakifanyia kazi nyingine kabisa.

Halafu wapo DDR1 na DDR2. Hawa ni wa ukoo wenye wanachama 58 kwa binadamu, ambao kila mmoja ana sehemu ya nje ya kupokea ujumbe, kipande kinachopenya utando wa seli, na sehemu ya ndani ambayo ni kimeng'enya cha kubandika fosfati juu ya protini nyingine, na hivyo kuupeleka ujumbe mbele. Ukoo huu ni maarufu katika tiba ya saratani: HER2, kinacholengwa na dawa ya trastuzumabu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ni wa ukoo huo. DDR1 na ndugu yake waligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kusoma jeni, kabla ya yeyote kujua wanapokea nini. Sehemu yao ya nje ilifanana na diskoidini, protini ya kiumbe mdogo wa udongoni aitwaye Dictyostelium, na jina lao likatoka hapo. Mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwa wakati mmoja kwamba kinachowaamsha ni kolajeni.

Jibu hilo lilishangaza, kwa sababu ndugu zao wengi huamshwa na protini ndogo zinazoelea katika majimaji ya mwili, zinazofika, zikatoa ujumbe na kuondoka. Kolajeni haiendi popote. Tena mwitikio wenyewe ni wa polepole: kipokezi cha kawaida cha ukoo huu huwaka ndani ya dakika chache na kuzimika, ilhali DDR1 huchukua muda mrefu kuamka na kisha hubaki macho kwa saa nyingi. Tabia hiyo inaendana na kazi yake, kwani hakuumbwa kupokea habari za ghafla. Anapima hali ya mahali seli ilipo na kuendelea kuitolea taarifa. Kwa kawaida DDR1 hukaa juu ya seli za kufunika, na DDR2 juu ya seli za tishu za kushikilia, wakiwemo wajenzi wa kovu.

Katika saratani za matiti, mapafu, kongosho, ovari na utumbo mpana, DDR1 huonekana mara kwa mara kwa wingi kuliko kwenye tishu ya kawaida. Wazo la kwanza la watengenezaji wa dawa likawa lilelile lililofanya kazi kwa ndugu zake: zuia kimeng'enya cha ndani. Kulikuwa tayari na dawa ambazo bila kukusudia zilikuwa zinakizuia. Imatinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2001 kwa ajili ya saratani ya damu aina ya leukemia sugu ya mayeloidi, hukizuia DDR1 pia, kadhalika nilotinibu na dasatinibu, kwa kuwa tundu la kimeng'enya chake linafanana kwa umbo na lile la protini ABL ambayo dawa hizo ziliiwinda. Baadaye, mwaka 2013, zilichapishwa molekuli zilizoundwa kwa ajili ya DDR1 mahsusi. Katika panya wenye saratani ya kongosho, kumzuia DDR1 kwa namna hiyo pamoja na tibakemikali kulileta nafuu. Njia hii ina mantiki, na bado ina wafuasi. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba madhara yote ya DDR1 hupitia kimeng'enya cha ndani, na dhana hiyo ilitikiswa mwaka 2021.

Mwaka huo timu ya Rong Li wa Chuo Kikuu cha George Washington na wenzake ilichapisha utafiti juu ya saratani ya matiti isiyo na vipokezi vitatu, yaani ile ambayo haina kipokezi cha estrojeni, wala cha projesteroni, wala HER2 kwa wingi, na kwa hiyo haisikii dawa zinazolenga hivyo vitatu. Aina hii huwapata wanawake wenye asili ya Kiafrika kwa kiwango cha juu kuliko wengine, na kwa msomaji wa Mwanza hilo peke yake linatosha kuufanya utafiti huo usomwe kwa makini. Walipoifuta jeni ya DDR1 katika seli za saratani za panya, seli hizo ziliendelea kukua vizuri tu ndani ya vyombo vya maabara. Zilipopandikizwa katika panya wasio na kinga, zilikua pia. Lakini katika panya mwenye kinga timamu, uvimbe ulishindwa kushika. Kwa maneno mengine, DDR1 hakuwa analisukuma gurudumu la seli kugawanyika. Alikuwa anaukinga uvimbe dhidi ya askari wa mwili.

Jinsi anavyoukinga ndiyo sehemu iliyo nzuri zaidi, na inastahili kuelezwa taratibu. Sehemu ya nje ya DDR1 hukatwa na kuachiliwa kutoka juu ya seli, kazi ambayo hufanywa na kimeng'enya ADAM10, kisha kipande hicho hushikamana na nyuzi za kolajeni zilizo karibu na kuzifanya zijipange sambamba, zikibanana, kuuzunguka uvimbe. Rundo la matete yaliyotupwa ovyo mtu hupenya katikati yake bila shida. Matete hayohayo yakipangwa wima na kubanwa kuwa ua, hata kuku hapiti. Kiasi cha kolajeni si lazima kibadilike, kinachobadilika ni mpangilio. Seli T, ambazo ni seli za kinga na ndizo zingeiua saratani, hufika hadi ukingoni mwa uvimbe na kukusanyika huko nje. Zaidi ya hayo, kimeng'enya cha ndani hakikuhitajika katika kazi hiyo. Sehemu ya nje ilitosha. Maana yake ni kwamba dawa ya jamii ya imatinibu ingeweza kuuzima mwisho wa ndani wa DDR1 kikamilifu huku ukuta wa kolajeni ukibaki umesimama. Watafiti hao walitengeneza kingamwili za kuishika sehemu ya nje, na katika panya nyuzi zilipoteza mpangilio, seli T zikaingia, na uvimbe ukadhoofika.

Mwaka uliofuata, 2022, habari ilichanganyika zaidi, kutoka maabara ya Michael Karin katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, iliyochunguza saratani ya kongosho. Uvimbe wa kongosho umejaa kolajeni kuliko karibu vivimbe vingine vyote, na kolajeni hiyo haikai nzima; vimeng'enya huikatakata kila wakati. Timu hiyo iligundua kwamba kolajeni ya aina ya kwanza iliyokatwa humwamsha DDR1, na kupitia kwake seli ya saratani hupata amri ya kuzalisha nishati zaidi na kumeza chakula kutoka nje. Kolajeni nzima hufanya kinyume: inasababisha DDR1 mwenyewe avunjwe, na uvimbe hupunguza kasi. Panya waliobadilishwa kijeni ili kolajeni yao isikatike walikuwa na vivimbe vidogo. Kwa wagonjwa, wale ambao vivimbe vyao vilikuwa na kolajeni nzima kwa wingi na DDR1 kidogo waliishi muda mrefu zaidi.

Msomaji makini ataona kwamba tafiti hizi mbili zinaonekana kupingana, moja ikisema kolajeni iliyopangika ni ngome ya adui, nyingine ikisema kolajeni nzima ni breki. Kwa maoni yangu hazipingani kwa kiasi kinachodhaniwa. Zinazungumzia viungo viwili tofauti na sehemu mbili tofauti za kipokezi kimoja: katika titi, kazi iliyopimwa ni ya kipande cha nje kinachopanga nyuzi, na katika kongosho, ni ujumbe unaopita kuelekea ndani ya seli. Zote mbili zinaelekeza kidole kwa DDR1, na hakuna kati yake inayoshauri kolajeni yenyewe iangamizwe.

Tahadhari hiyo ya mwisho ilipatikana kwa gharama. Miaka kumi na zaidi iliyopita wazo lililotamba lilikuwa kuibomoa tishu ngumu inayouzunguka uvimbe wa kongosho ili tibakemikali ipenye. Jaribio moja la dawa ya namna hiyo kwa wagonjwa, saridegibu, lilisimamishwa mwaka 2012 baada ya wagonjwa waliopewa dawa kufanya vibaya kuliko wengine. Mwaka 2014 makundi mawili yalionyesha kwamba panya walioondolewa seli za kujenga tishu hiyo au amri inayoziita walipata saratani kali zaidi. Kumlenga DDR1 kunavutia kwa sababu ni hatua ya kadiri: nyuzi zinabaki, ila kile kinachozipanga au kuzisoma kwa faida ya saratani ndicho kinachoguswa.

Kingamwili ya kwanza ya aina hiyo kuingia kwa binadamu ina jina la maabara la PRTH-101. Awamu ya kwanza ya majaribio yake ilianza Marekani mwaka 2023, ikitolewa peke yake au pamoja na pembrolizumabu, dawa inayoondoa breki kwenye seli T. Muunganiko huo una sababu iliyo wazi: pembrolizumabu huwapa seli T ruhusa ya kupigana, lakini ruhusa haisaidii kitu kama hawajaingia ndani. Awamu ya kwanza hupima hasa usalama na kiasi cha dawa, kwa hiyo mgonjwa anayesikia habari hizi asidhani kuna sindano ya DDR1 inayomsubiri hospitalini. Kuhusu usalama, panya waliozaliwa bila DDR1 hutoa dokezo: huishi, ingawa ni wadogo, na majike wengi hushindwa kushika mimba, na wanaozaa hushindwa kunyonyesha kwa kuwa matiti yao hayatoi maziwa. Mtu mzima anayepewa kingamwili kwa muda si sawa na mnyama aliyekosa jeni tangu mimba, lakini kwa ugonjwa unaowapata wanawake wengi wakiwa bado katika umri wa kuzaa, dokezo hilo halifai kupuuzwa.

Swali la vitendo, hata dawa ikifaulu, ni nani apewe. Haielekei kumfaa kila mwenye saratani. Itamfaa yule ambaye DDR1 wake yupo kwa wingi, nyuzi zake zimepangika sambamba, na seli T zake zimekwama ukingoni. Mambo hayo matatu husomwa katika kinyama kilichokatwa kutoka kwenye uvimbe. Kwa rangi za kawaida za patholojia kolajeni huonekana ya waridi, pamoja na vitu vingine vingi vya waridi, na mpangilio wake haujitokezi vizuri. Lakini kipande hichohicho kikipakwa rangi nyekundu ya sirius na kutazamwa kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa kuelekea upande mmoja, nyuzi nene hung'aa kwa rangi ya chungwa na nyekundu juu ya weusi, na hata mwanafunzi anaona kama zimelala ovyo au zimefuatana. Si kipimo cha gharama ya kutisha. Kumwona DDR1 na seli T kunahitaji kingamwili za kupaka, teknolojia ileile inayotumika kutafuta kipokezi cha estrojeni na HER2 katika hospitali za rufaa kama Bugando, ambako wagonjwa wa saratani wa Kanda ya Ziwa yote hupelekwa.

Udhaifu uko kabla ya hadubini. Miongozo ya kupima vipokezi vya matiti inataka kinyama kiingizwe katika formalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike, ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu kukatwa, na kikae humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72. Protini za seli huharibika mapema, na mgonjwa mwenye kipokezi anaweza kuandikiwa kwamba hana kwa sababu tu kinyama chake kilicheleweshwa. Kutoka visiwani, safari ya meli peke yake inakula saa kadhaa, kabla ya kuhesabu kusubiri meli na foleni ya maabara. Chupa ya formalini iliyopimwa vizuri, yenye ujazo wa kutosha kukifunika kinyama mara kumi, na saa ya kukata ikiwa imeandikwa kwenye karatasi ya maombi, ndivyo vitakavyoamua kama majibu ya DDR1 kutoka Ukerewe yataaminika siku kipimo hicho kitakapohitajika, na ndivyo vinavyoamua leo kama majibu ya HER2 yanaaminika.